Wenye Kuipanga Siku ya Mgonjwa: Uongozi wa Timu za Utengamao katika Hospitali za Maveterani wa Marekani

Hospitali za maveterani wa Marekani, ambazo huendeshwa na serikali kuu ya nchi hiyo kwa ajili ya watu waliowahi kutumikia jeshi, zina idara ambayo mgeni huweza kuipita bila kuitilia maanani, kwa sababu haina chumba cha upasuaji wala mitambo ya kustaajabisha. Idara hiyo ni ya utengamao, yaani ile kazi ndefu inayoanza pale mpasuaji anapoweka kisu chini: kumfundisha aliyekatwa mguu kusimama na kutembea, kumrudishia aliyepooza mkono uwezo wa kufunga vifungo vya shati lake, kumzoesha aliyepofuka kuvuka barabara peke yake, na kumwandaa kila mmoja wao kwa maisha ya nyumbani na ya kazini. Hufanywa na watu wa fani mbalimbali. Mtaalamu wa fiziotherapia hushughulikia mwendo, nguvu na maungio ya mwili kwa mazoezi, kukanda, joto na maji; mtaalamu wa tiba kazi hutumia shughuli zenyewe za maisha, kama kupika, kuvaa na kutumia vifaa vya ufundi, ili mgonjwa ajizoeze kuishi; mtaalamu wa tiba ya usemi hushughulikia matamshi, ufahamu na umezaji; na pamoja nao wamo wauguzi, mafundi wa viungo bandia, wanasaikolojia na maafisa wa ustawi wa jamii.

Anayeiongoza timu ya namna hiyo ana mamlaka ya pekee, kwa kuwa haandiki dawa wala hapasui, ila hupanga saa za mgonjwa, huamua nani atakuwa naye asubuhi na nani mchana, na huhakikisha kwamba kilichojengwa na mmoja hakibomolewi na mwingine. Mamlaka hayo hayakutolewa na sheria moja wala na mwanzilishi mmoja. Yalijengwa kidogo kidogo kuanzia mwaka 1917, na aghalabu waliyajenga watu waliokuwa na saa nyingi na mgonjwa lakini hawana cheo, huku vyeo vikiwa mikononi mwa watu waliomwona mgonjwa kwa dakika chache tu. Mvutano kati ya pande hizo mbili ndio uzi unaoifunga historia nzima ya idara hizi.

Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwezi Aprili 1917, na kufikia Agosti ya mwaka huohuo ofisi ya Daktari Mkuu wa Jeshi, William Gorgas, ilikuwa imeunda idara ya hospitali maalumu na ujenzi mpya wa mwili. Waliofanya uamuzi huo walikuwa wameona yaliyozikuta nchi za Ulaya, ambako miaka mitatu ya mapigano ilikuwa imerudisha majumbani maelfu kwa maelfu ya vijana wenye magongo, na walikuwa wamejifunza kutoka kwa Robert Jones, bingwa wa mifupa wa Liverpool, ambaye hospitali zake za kijeshi ziliweka karakana kando ya wodi ili majeruhi afanye kazi ya mikono wakati mwili ukiendelea kupona. Tatizo lilikuwa watendaji. Nchini Marekani hapakuwa na fani iliyotambulika ya fiziotherapia. Walikuwapo walimu wa mazoezi ya viungo, wakandaji, na wanawake wachache waliopata mafunzo Ulaya. Jeshi likaamua kuajiri wanawake raia na kuwaita wasaidizi wa ujenzi mpya, wakiwa katika makundi mawili, moja la tiba ya mwili na jingine la tiba ya kazi za mikono, na likamweka Marguerite Sanderson, aliyekuwa akifanya kazi na madaktari wa mifupa mjini Boston, kuwasimamia.

Mwezi Februari 1918 Mary McMillan, Mmarekani aliyelelewa na kusomea Uingereza na kufanya kazi Liverpool chini ya Jones mwenyewe, aliripoti katika hospitali ya Walter Reed mjini Washington, na muda si mrefu akawa msaidizi mkuu. Cheo hicho cha msaidizi mkuu ndicho mzizi wa kazi inayojadiliwa hapa. Aliyekishika aligawa wagonjwa kwa wasaidizi, alifundisha wapya, alipita kitanda kwa kitanda kuangalia namna mikono yao ilivyomshika mgonjwa, alitunza kumbukumbu za vipimo na kutoa taarifa kwa daktari. Vipimo hivyo vilikuwa silaha yake kubwa. Goti lililokakamaa lilipimwa kwa chombo chenye mikono miwili inayofunguka kama bikari, mkono mmoja ukilazwa kando ya paja na mwingine kando ya muundi, kisha nyuzi zikaandikwa. Wiki iliyofuata goti lilipimwa tena, na tofauti ya nyuzi kumi au kumi na tano ilisema jambo ambalo daktari hangeweza kulipuuza, hata kama aliyelisema alikuwa mwanamke raia asiye na nyota begani. Kiangazi cha mwaka huohuo McMillan alikwenda Reed College, Oregon, kufundisha kozi ya dharura iliyotoa takriban wanawake 200, na mwaka 1921 alichapisha kitabu cha kukanda na mazoezi ya tiba, na akachaguliwa kuwa rais wa kwanza wa chama kilichokuja kuwa chama cha kitaifa cha fani hiyo.

Wasaidizi hao walivaa sare, walitii amri, na wengi walivuka bahari hadi Ufaransa, lakini hawakuwa wanajeshi. Hawakuwa na cheo, wala hawakuhesabiwa kuwa maveterani waliporudi, hivyo hospitali zilezile ambazo fani yao ilizifaa hazikuwa na wajibu wa kuwatibu. Serikali ya Marekani iliitambua huduma yao kuwa utumishi wa kijeshi mwezi Julai 1981, miaka zaidi ya 60 baada ya vita, wakati ambapo wengi wao walikuwa wamekwisha kufa. Kuchelewa huko hakuna udhuru wa kiutawala unaotosha kukueleza.

Kundi la pili, la tiba kazi, lilikuwa na mashaka zaidi. Chama chake kilikuwa kimeanzishwa mwezi Machi 1917 katika mji mdogo wa Clifton Springs, jimbo la New York, na waanzilishi wake, akiwamo Eleanor Clarke Slagle na daktari William Rush Dunton, waliamini kwamba kazi yenye maana humponya mtu ambaye akili yake imevunjika. Katika hospitali namba 117 ya jeshi, iliyokuwa La Fauche, Ufaransa, kwa ajili ya askari waliopatwa na mshtuko wa vita, wasaidizi wa tiba kazi waliwapa wagonjwa mbao, bati na vifaa vya ufundi, na mtu aliyekuwa akitetemeka mikono alifundishwa kushika nyundo. Afisa aliyepita haraka angeweza kudhani ni mchezo wa kupoteza wakati, na lawama ya namna hiyo iliwafuata wataalamu wa tiba kazi kwa miongo mingi. Lakini aliyekaa karakanani kutwa nzima aliona mkono ukitulia, na huyo ndiye aliyekuwa na ushahidi.

Si haki kuitaja miaka hiyo bila kukumbuka kwamba vita hivyohivyo vilipiganwa pia Afrika Mashariki, na kwamba mamia ya maelfu ya wapagazi waliobebeshwa mizigo ya majeshi, ambao kambi zao ziliacha majina ya Kariakoo mjini Dar es Salaam na Kariokor mjini Nairobi, walikufa kwa makumi ya maelfu kwa maradhi na uchovu, na waliosalia walirudi vijijini bila hospitali ya utengamao, bila msaidizi mkuu wa kupima goti la yeyote. Utengamao wa maveterani ulianza kama haki ya raia wa dola tajiri, na ndani ya dola hiyo yenyewe haki hiyo haikugawiwa sawasawa.

Baada ya vita, Bunge la Marekani liliunganisha huduma za maveterani katika ofisi moja mwaka 1921, ambayo mkurugenzi wake wa kwanza, Charles Forbes, alitiwa hatiani kwa ufisadi wa mikataba ya hospitali na vifaa, na mwaka 1930 shughuli hizo ziliwekwa chini ya Utawala wa Maveterani. Katika kipindi hicho swali la nani ataongoza lilijitokeza kwa ukali kuliko mahali pengine popote mjini Tuskegee, Alabama, ambako serikali ilifungua mwaka 1923 hospitali kwa ajili ya maveterani Weusi wa majimbo ya kusini. Wazungu wa eneo hilo walitaka hospitali hiyo iongozwe na Wazungu, na kwa kuwa sheria ya jimbo ilimkataza muuguzi Mzungu kumhudumia mwanamume Mweusi, mpango ulikuwa kwamba wauguzi Wazungu walipwe mishahara ya wauguzi ilhali wasaidizi Weusi wenye malipo madogo wafanye kazi ya kumgusa, kumlisha na kumgeuza mgonjwa. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa cheo kutenganishwa na kazi. Robert Moton, mkuu wa chuo cha Tuskegee, alipinga mpango huo mbele ya Ikulu ya Marekani. Mwezi Julai 1923 kundi la Ku Klux Klan likaandamana mjini humo kutisha watu. Lakini Moton hakurudi nyuma, na mwaka 1924 uongozi wa hospitali ukakabidhiwa kwa Joseph H. Ward, daktari Mweusi kutoka Indianapolis aliyekuwa ametumikia jeshi Ufaransa, ambaye aliiongoza hadi mwaka 1936 akiwa na madaktari na wauguzi Weusi.

Kwingineko miaka ya 1920 na 1930 ilikuwa ya ukame. Wagonjwa wengi wa hospitali za maveterani walikuwa wenye kifua kikuu na wenye maradhi ya akili, na wataalamu wa fiziotherapia walisajiliwa chini ya madaktari kwa jina la mafundi tu, jina lililowazuia kutoa maoni juu ya mgonjwa waliyekuwa naye kila siku. Kazi njema haikukosekana. Katika hospitali ya Perry Point, Maryland, John Eisele Davis alionyesha kwamba michezo iliyopangwa kwa uangalifu ingeweza kumtoa mgonjwa wa akili kwenye ukimya wa miaka, na akaandika juu yake. Lakini kazi kama hiyo ilitegemea juhudi ya mtu mmoja, naye akihamishwa huzimika.

Vita Kuu ya Pili vilibadilisha hesabu. Dawa za salfa, penisilini na damu ya kuongezewa viliwaokoa watu ambao katika vita vilivyotangulia wangezikwa palepale. Wanajeshi Wamarekani takriban 15,000 walirudi wakiwa wamepoteza kiungo kimoja au zaidi, takriban 1,400 walirudi wamepofuka, na kwa mara ya kwanza katika historia waliovunjika uti wa mgongo walibaki hai kwa wingi, ilhali wenzao wa mwaka 1918 walikuwa wamekufa ndani ya wiki au miezi kwa vidonda vya mgongoni na maambukizi ya njia ya mkojo. Hospitali ghafla ilikuwa na vijana wa miaka 20 ambao hawataponywa wala hawatakufa, na walikuwa wakiuliza wataishi vipi.

Jibu moja lilitoka kwa Howard Rusk, daktari wa magonjwa ya ndani kutoka St. Louis, aliyepewa wodi za kikosi cha anga katika kambi ya Jefferson Barracks, Missouri, mwaka 1942. Rusk aliona kwamba askari waliopona homa au nimonia walilala vitandani wiki nzima bila la kufanya, kisha walirudishwa mazoezini wakiwa dhaifu na baada ya siku chache wakawa wagonjwa tena. Akaanza kuwapangia siku nzima, kwa mazoezi ya mwili ya kiwango kinachopanda hatua kwa hatua, pamoja na masomo ya ramani, redio na utambuzi wa ndege. Jeshi la nchi kavu nalo lilianzisha mpango wake, likiwagawa wagonjwa katika madaraja manne kuanzia la nne, la waliolala kitandani, hadi la kwanza, la waliokaribia kurudi kikosini, na kila daraja likawa na ratiba yake. Wazo la kwamba saa zote za mgonjwa ni sehemu ya tiba, ambalo wasaidizi wa mwaka 1918 walilijua kwa kazi zao, sasa lilikuwa na maafisa wa kulisemea.

Vita hivyo vilileta pia vyeo, ingawa si kwa wote. Sheria ya Desemba 1942 iliwapa wataalamu wa fiziotherapia na wa lishe hadhi ya uafisa, na Emma Vogel, mmoja wa wahitimu wa kozi ya Reed College ya 1918 na mwalimu wa muda mrefu wa Walter Reed, akawa mkuu wao. Wataalamu wa tiba kazi waliachwa nje wakaendelea kuwa raia hadi mwaka 1947, sheria nyingine ilipounda kikosi cha wanawake wa fani hizo tatu, chini ya Vogel huyohuyo akiwa kanali. Kwa zaidi ya miaka minne, basi, wanawake wawili waliomhudumia mgonjwa mmoja katika chumba kimoja walikuwa mmoja afisa na mwingine raia, na mwenye kuwaunganisha ilimpasa kwanza kuipunguza ile tofauti ambayo jeshi lilikuwa limeiweka kati yao.

Mwezi Agosti 1945 jenerali Omar Bradley alikabidhiwa Utawala wa Maveterani, akamwita Paul Hawley, aliyekuwa daktari mkuu wa majeshi ya Marekani Ulaya, aongoze huduma za tiba. Watu takriban milioni 16 walikuwa wametumikia jeshi katika vita hivyo, na hospitali zilizokuwapo, nyingi zikiwa mbali na miji na vyuo vikuu, zilikuwa na madaktari wachache na sifa mbaya. Sheria ya tarehe 3 Januari 1946 iliunda idara mpya ya tiba na upasuaji nje ya utaratibu wa kawaida wa ajira za serikali, na mwisho wa mwezi huo waraka mmoja mfupi uliziunganisha hospitali hizo na vyuo vya udaktari. Ndani ya idara hiyo ikaanzishwa huduma ya tiba ya mwili na utengamao, ikiongozwa na Donald Covalt, aliyekuwa amefanya kazi na Rusk katika kikosi cha anga.

Huduma hiyo ilikusanya chini ya paa moja fani ambazo kabla ya hapo hazikuwa na ujirani. Fiziotherapia na tiba kazi zilikuwamo. Iliongezwa tiba ya mazoezi ya kurekebisha, iliyoletwa na walimu wa mazoezi wa jeshini, wengi wao wanaume waliotoka vitani, na ambayo tangu miaka ya 1980 imeitwa kinesiotherapia. Ikaongezwa tiba ya ufundi, iliyomweka mgonjwa kwenye useremala, uchomeleaji au uchapaji wa kweli. Na tiba ya elimu, iliyomwandaa kwa mitihani na ofisi. Kanuni ilisema kiongozi wa wote awe daktari bingwa wa tiba ya mwili, lakini ubingwa huo ulikuwa mchanga mno, bodi yake ya kitaifa ikiwa imeundwa mwaka 1947, na mabingwa hawakutosha. Matokeo yake, mahali pengi uongozi wa kila siku uliangukia kwa mratibu ambaye si daktari, aliyetoka katika fani mojawapo ya tiba, na ambaye jina lake halikuonekana juu ya mlango.

Kazi ya mratibu huyo huonekana vizuri zaidi kwa mgonjwa mmoja wa kawaida wa zama hizo, kijana aliyekatwa mguu juu ya goti. Kisiki chake humuuma, na nafuu huja akiwekewa mto chini yake, basi muuguzi mwenye huruma humwekea mto. Mchana huketi kwenye kiti mwendo, nyonga ikiwa imekunjwa. Asubuhi mtaalamu wa fiziotherapia humnyoosha nyonga kwa nusu saa, akipambana na misuli ya mbele ya nyonga ambayo, kwa kuwa wenzao wa nyuma wamekatwa na kudhoofika, hujivuta na kujifupisha. Lakini nusu saa hiyo haiwezi kushindana na saa kumi za mto na kiti. Baada ya wiki chache nyonga hukakamaa ikiwa imepinda, na mguu bandia unapoletwa kutoka kwa fundi, kisiki huelekea mbele badala ya chini, na kijana hawezi kusimama wima. Hakuna aliyekosea katika fani yake. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kuingia wodini na kusema kwamba mto uondolewe, kwamba mgonjwa alale kifudifudi kwa vipindi kadhaa kila siku, kwamba karakana ya useremala imsimamishe kwenye meza ndefu badala ya kumkalisha, na kwamba fundi wa viungo bandia amwone kabla na si baada ya nyonga kuharibika. Mkutano wa timu wa kila wiki, ambao kwa mtazamaji wa nje huonekana kuwa urasimu, ulianzishwa kwa ajili ya mambo madogo ya aina hii, na kiongozi mwema alijulikana kwa namna alivyoyawahi.

Mfano uliotukuka zaidi wa uongozi wa zama hizo ulitokea Hines, hospitali kubwa ya maveterani karibu na Chicago, ambako kituo cha kwanza cha utengamao wa vipofu kilifunguliwa tarehe 4 Julai 1948. Mkuu wake, Russell Williams, alikuwa mwalimu na kocha kabla ya vita, alipofuka Ufaransa mwaka 1944, na baada ya matibabu akawa mshauri wa askari vipofu katika hospitali ya jeshi ya Valley Forge, Pennsylvania. Huko Valley Forge Richard Hoover alikuwa ameunda mbinu ya fimbo ndefu, iliyokuwa kitu kipya kabisa. Kabla yake kipofu alishika mkongojo mfupi wa kuegemea, au alishikwa mkono. Fimbo ya Hoover ilikuwa nyepesi na ndefu kiasi cha kufika kifuani, ikashikwa mbele ya kitovu na kupepewa kwa kifundo cha mkono kutoka upande hadi upande, ncha yake ikigusa ardhi kushoto wakati mguu wa kulia unakwenda mbele na kulia wakati wa mguu wa kushoto, hivyo kila mahali ambapo mguu ungekanyaga palikuwa pamekwisha kuguswa hatua moja kabla. Mbinu hiyo ni rahisi kuieleza na ngumu kuijua, kwa sababu inataka mwanafunzi aiamini ncha ya fimbo wakati mwili wote unataka kusimama.

Williams aliwaongoza walimu wenye macho katika kufundisha jambo ambalo yeye mwenyewe alilitumia kila alipotoka ofisini. Pamekuwapo desturi ya kumsifu kwa ujasiri wake, na sifa hiyo ni ya haki, lakini inaficha mchango wake mkubwa zaidi, ambao ulikuwa wa kiutawala. Aliwataka walimu wafanye mazoezi wakiwa wamefungwa macho kabla ya kumfundisha yeyote. Alikataa mwanafunzi asaidiwe pale anapoweza kujisaidia. Na alikiendesha kituo kama shule, ambamo kutembea, kusoma breli, kutumia mashine ya kuandikia na kazi za karakana zilifungamana katika ratiba moja ya wiki nyingi. Mwaka 1959 alihamishiwa makao makuu kusimamia huduma za vipofu nchini kote, na hospitali nyingine zilipofungua vituo vyao zilifuata umbo la Hines. Kwake yeye, cheo na saa za mgonjwa vilikutana kwa mtu mmoja, na matokeo yake yalidumu.

Maveterani wenyewe hawakuwa wapokeaji tu. Vipofu waliunda chama chao mwezi Machi 1945 katika shule ya jeshi ya Avon Old Farms, Connecticut, na waliopooza kwa kuvunjika uti wa mgongo walifanya mkutano wao wa kitaifa wa kuanzisha chama huko Hines mwaka 1947. Sheria ya 1946 iliyowalipia magari hadi dola 1,600 maveterani waliopoteza matumizi ya miguu ilifungua ukurasa mwingine kwa timu za utengamao, maana sasa walimu wa mazoezi walipaswa kumfundisha mtu asiye na miguu kuendesha gari kwa mikono, kujivuta kutoka kiti mwendo hadi kwenye usukani, na kukunja kiti hicho akiwa ameketi na kukiingiza nyuma yake. Dai la mgonjwa lilikuwa limebadilisha mtaala wa mtabibu, na halikuwa la mwisho kufanya hivyo.

Miongo iliyofuata ilileta vipimo vya aina mpya. Katika miaka ya 1980 madaktari na wataalamu wa utengamao wa Marekani walitunga kipimo cha kujitegemea chenye vipengele 18, vikiwamo kula, kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kupanda ngazi, kuelewa na kukumbuka, kila kimoja kikipewa alama kuanzia 1, kwa anayehitaji kusaidiwa karibu kila kitu, hadi 7, kwa anayejitegemea kabisa, na hivyo jumla huanzia 18 hadi 126. Hospitali za maveterani zilikipokea kwa wingi. Faida yake haikanushiki, kwa kuwa muuguzi, mtaalamu wa fiziotherapia na mtaalamu wa tiba kazi walilazimika kumtazama mgonjwa kwa lugha moja, na mkuu wa tiba aliweza kutetea bajeti yake kwa takwimu. Hata hivyo kipimo kina mipaka ambayo viongozi wazoefu waliijua: mtu anaweza kupanda alama tano kwa mwezi na bado akashindwa kwenda sokoni kwa kuogopa watu, na hofu hiyo haina kipengele chake. Goti la mwaka 1918 lilipimwa ili kumsemea mgonjwa mbele ya daktari. Alama za miaka ya 1990 zilianza mara nyingine kumsemea meneja.

Vita vya Afghanistan na Irak vilileta majeruhi wa namna nyingine tena. Bomu lililotegwa kando ya barabara humkata mtu mguu, humtikisa ubongo, humharibu sikio na jicho, na humwachia jinamizi la usiku, vyote kwa sekunde moja. Mwaka 2005 idara ya maveterani iliteua hospitali nne, za Richmond, Tampa, Minneapolis na Palo Alto, kuwa vituo vya majeraha mseto, yaani majeraha ya viungo kadhaa kwa pamoja yanayoambatana na jeraha la ubongo, na ya tano, ya San Antonio, ikafunguliwa mwaka 2011. Mpango wa zamani wa kupeleka mgonjwa kutoka idara hadi idara haukufaa kwa majeruhi hawa. Aliyekatwa mguu na kuumia ubongo hukumbuka leo namna ya kuvaa mguu bandia na kesho amesahau, kwa hiyo mtaalamu wa usemi anayemfundisha kutumia daftari la kumbukumbu ni lazima awe chumbani wakati mtaalamu wa fiziotherapia anamvisha mguu, na mwanasaikolojia ni lazima ajue ni zoezi gani litatangulia usingizi mbaya. Kiongozi wa tiba katika vituo hivi huandaa vipindi vya pamoja ambavyo wawili au watatu hufanya kazi na mgonjwa mmoja kwa saa moja, na kwa kufanya hivyo hujikuta akitetea mbele ya wahasibu saa ambazo kwenye karatasi huonekana kuwa za watu wengi mno kwa mgonjwa mmoja.

Vituo hivyo vililazimika pia kumtambua mwanatimu ambaye hajawahi kuwa kwenye orodha ya mishahara. Mama aliyeacha kazi yake akahamia kando ya kitanda cha mwanawe, au mke mwenye miaka 22 aliyejifunza kumgeuza mumewe usiku, alikuwa na saa nyingi na mgonjwa kuliko mtaalamu yeyote, na timu iliyomruhusu mgonjwa kurudi nyumbani bila kumfundisha mtu huyo ilikuwa ikitupa kazi yake yenyewe. Sheria iliyotiwa saini mwezi Mei 2010 iliwapa walezi wa nyumbani mafunzo, bima ya afya kwa wasiokuwa nayo na posho ya kila mwezi, ikianza na walezi wa walioumia kuanzia tarehe 11 Septemba 2001. Walezi wa maveterani wa Vietnam na wa vita vilivyotangulia walisubiri hadi Oktoba 2020, na wa miaka iliyobaki katikati hadi Oktoba 2022, ambapo mke aliyekuwa amemhudumia mumewe tangu miaka ya 1980 aliweza kwa mara ya kwanza kuomba posho hiyo.